Mashine ya Kufulia Ikigoma



Katika darasa letu la jioni hapa Mkokotoni yumo mama mmoja muuza samaki. Sisi sote darasani humwita Bi Mkubwa. Mwanawe alimnunulia mashine ya kufulia iliyokwisha kutumika. Ilitoka mjini juu ya gari ya shamba, imefungwa kamba pamoja na magunia ya unga.

Bi Mkubwa alifurahi sana. Mikono yake ina vidonda vya miiba ya samaki, na sabuni humchoma kila anapofua. Kwa miezi minne nguo za watu tisa zilifuliwa kwa mashine ile. Siku moja akaiwasha, ikanguruma tu. Haikuzunguka.

Akaitwa kijana mmoja apitaye mitaani kutengeneza vitu vya umeme. Kijana hakufungua hata skrubu moja. Alitega sikio, kisha akasema, "Mota imeungua, Bi Mkubwa. Haifai tena. Niuzie mimi, nitakupa bei ya chuma chakavu."

Bi Mkubwa hakuiuza, lakini alirudi kwenye beseni. Mashine ikawekwa uani, kuku wakalala juu yake.

Aliponieleza habari hiyo nilimwuliza, "Bi Mkubwa, umetazama chini ya kisahani?"

Akajibu, "Kisahani gani, Mwalimu? Mimi ni mtu wa samaki."

Siku ya pili tulikwenda kwake wanafunzi sita na mimi. Plagi ilikuwa imechomolewa. Tukafungua skrubu ya katikati ya kisahani kilichomo ndani ya pipa, tukakivuta juu. Chini yake tulikuta pini mbili za mtandio, sarafu moja, na nyuzi nyingi zilizojisokota. Tukatoa uchafu wote, tukaosha, tukakirejesha. Tulipowasha, maji yakazunguka kama siku ya kwanza.

Bi Mkubwa akacheka, akasema, "Kumbe pini zangu mwenyewe ndizo zilizotaka kuniuzia mashine!"

Mafundi wema na waaminifu wako wengi. Lakini mtu asiyekijua chombo chake hulazimika kununua kila neno analoambiwa. Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: kuijua mashine ya kufulia, kutafuta sababu nyepesi za kugoma kwake, na kujua mahala pa kuishia ili tumwachie fundi.

KUIJUA MASHINE

Mashine nyingi zilizoko vijijini kwetu ni za mapipa mawili. Pipa la kwanza hufua. Kazi yake ni kama ya mikono inayosugua. Chini ya pipa hilo kuna kisahani chenye mabawa. Kisahani kikizunguka, maji na nguo huzunguka pia.

Pipa la pili hukamua. Kazi yake ni kama ya mikono inayokamua shuka. Pipa hili ni jembamba na lina matundu. Huzunguka kwa kasi kubwa sana, na maji hutoka katika nguo kupitia matundu hayo.

Kila pipa lina mota yake. Kwa hiyo pipa moja linaweza kugoma na la pili likaendelea na kazi. Juu ya mashine kuna vitufe vya kuzungusha. Kimoja ni saa ya kufulia, kingine ni saa ya kukamulia. Kuna na kitufe cha maji, chenye sehemu mbili: kufua, na kutoa maji. Ubavuni au nyuma kuna mpira wa kutolea maji machafu.

Ziko pia mashine za pipa moja, zenye mlango wa kioo mbele. Hizo zina pampu ya kutolea maji, na viungo vyake ni vingi zaidi. Hapa tutazungumzia zaidi ile ya mapipa mawili.

SOMA KIBAO CHA NYUMA

Nyuma ya kila mashine kuna kibao kidogo chenye herufi na tarakimu. Zamani tulikipita bila kukiangalia. Sasa tunajua kusoma. Basi tukisome.

Herufi V ni volti, yaani nguvu ya msukumo wa umeme. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Kibao kikisema 220-240 V, mashine hiyo yafaa. Lakini mashine zilizokwisha kutumika hutoka nchi mbalimbali. Umeme wa majumbani huko Japani ni wa volti 100, na wa Marekani ni wa volti 120. Mashine ya huko ukiichomeka katika soketi ya hapa itaungua mara moja. Usilipe fedha dukani kabla hujasoma tarakimu hiyo.

Herufi W ni wati, yaani kiasi cha umeme ambacho mashine hutumia.

Herufi kg ni kilo. Ni kilo za nguo kavu, wala si nguo zilizolowa. Kibao kikisema kilo 6 kwa kufua, chukua nguo zako kavu ukazipime kwenye mizani ya dukani. Utaona kuwa kilo 6 si nyingi kama ulivyodhani. Mara nyingi pipa la kukamulia hubeba nguo chache kuliko la kufulia. Kibao huandika kilo za kila pipa.

KWANZA CHOMOA PLAGI

Umeme na maji ni maadui. Mtu aliyesimama pekupeku juu ya sakafu iliyolowa anaweza kuuawa na umeme kwa sekunde chache. Kwa hiyo kabla ya kutia mkono, kabla ya kufungua skrubu, na kabla ya kuipindua mashine, chomoa plagi. Ifute mikono yako kwanza. Shika plagi yenyewe, usivute waya.

Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi. Umeme bado umefika ndani ya mashine. Plagi ikiwa mkononi mwako, hapo ndipo una hakika.

Plagi yetu ina miguu mitatu. Mguu mrefu wa juu ni wa waya wa ardhi. Waya huu ni mlinzi. Umeme ukivuja ndani ya mashine, waya wa ardhi huuchukua na kuupeleka chini ardhini, usipite katika mwili wako. Lakini mlinzi huyu hufanya kazi ikiwa nyumba nayo imefungwa waya wa ardhi. Mwulize fundi aliyefunga umeme wa nyumba yako.

Wako watu wanaokata plagi na kuchomeka nyaya mbili tupu ndani ya soketi kwa kijiti cha kiberiti. Watu hao wamemfukuza mlinzi. Usifanye hivyo, wala usikubali mtoto wako afanye.

Ukigusa bati la mashine ukahisi ganzi au mtetemo mkononi, usiseme ni kidogo. Zima swichi kubwa ya nyumba, chomoa plagi, na usiitumie tena mashine hiyo mpaka fundi wa umeme ameitazama.

Na mtu akinaswa na umeme je? Usimshike kwa mikono. Utanaswa na wewe. Kimbilia swichi kubwa ya nyumba, uizime. Kama huwezi kuifikia, simama juu ya kitu kikavu, kama ubao, umsukume kwa mti mkavu. Akishaachana na umeme, mpeleke hospitali upesi, hata akisema hajambo. Sisi wa Mkokotoni tunayo Hospitali ya Kivunge.

DALILI NA SABABU ZAKE

Mgonjwa huulizwa, "Waumwa wapi?" Mashine nayo husema kwa dalili zake. Tuzitazame moja moja.

1. Mashine haiwaki kabisa.

Anza mbali, uje karibu. Je, nyumba ina umeme? Kama umeme wenu ni wa kununua kabla ya kutumia, tazama mita: huenda umekwisha. Je, soketi ni nzima? Chomeka taa au chaja ya simu katika soketi hiyo hiyo. Ikiwa nayo haiwaki, ubovu uko kwenye soketi, si kwenye mashine.

Soketi ikiwa nzima, tazama plagi. Ndani ya plagi ya miguu mitatu ya mraba kuna fyuzi ndogo. Fyuzi hukatika ili kuzuia waya usiungue. Weka nyingine yenye namba ile ile. Usiweke waya wa shaba wala karatasi ya sigara mahala pa fyuzi. Ukifanya hivyo, siku ya hatari hakutakuwa na kitu cha kukatika, na nyumba inaweza kuwaka moto. Fyuzi mpya ikikatika tena, mwite fundi.

2. Inanguruma lakini haizunguki.

Zima upesi. Mota inayonguruma bila kuzunguka hupata joto na inaweza kuungua kweli. Chomoa plagi. Toa nguo na maji. Kisha zungusha kisahani kwa mkono.

Kikiwa kigumu, kuna kitu kimekwama. Fungua skrubu ya katikati, ukivute kisahani juu, utoe kilichomo. Huu ndio ugonjwa wa mashine ya Bi Mkubwa.

Kikizunguka kwa wepesi mno, kama hakikushikana na kitu, huenda mkanda umetoka au umekatika. Mkanda ni wa mpira, nao huunganisha mota na kisahani. Mwambie fundi, "Nadhani ni mkanda." Mkanda ni kitu cha bei ndogo kuliko mota.

Kisahani kikiwa sawa, tazama taa za nyumba. Je, zimefifia? Jioni watu wengi wanapopika na kuwasha taa kwa pamoja, nguvu ya umeme yaweza kupungua. Ngoja, ufue asubuhi. Taa zikiwa sawa na mashine bado inanguruma, hiyo ni kazi ya fundi.

3. Maji machafu hayatoki.

Tazama kitufe cha maji. Je, kiko upande wa kutoa maji? Kisha tazama mpira. Mashine nyingi za mapipa mawili hazina pampu. Maji hutoka kwa kuteremka yenyewe, kama yanavyoteremka kwenye mfereji. Basi mpira lazima ulale chini. Ukiuninginiza juu ya ndoo ndefu, maji hayatapanda. Tazama pia kama mpira umekunjika, au umekanyagwa na mguu wa mashine, au umeziba kwa nyuzi. Ukiwa umeziba, umwagie maji kwa nguvu kutoka upande wa mwisho.

4. Maji yanatoka kabla nguo hazijafuliwa.

Unajaza pipa, maji yanapungua. Rejesha kitufe upande wa kufua. Kama kimesharejeshwa, basi kizibo cha ndani hakifungi vizuri. Mara nyingi ni mchanga, kifungo au uzi umekaa katika mdomo wake. Geuza kitufe huku na huku mara kadhaa huku ukimimina maji safi, ili uchafu utoke. Ikishindikana, kizibo kifunguliwe na anayejua.

5. Pipa la kukamulia halizunguki.

Kwanza, je, kifuniko kimefungwa sawasawa? Chini ya kifuniko kuna swichi. Kifuniko kikiwa wazi, pipa halikubali kuzunguka. Swichi hiyo imewekwa ili kulinda mikono. Usiifunge kwa kamba ili kuidanganya.

Pili, je, kuna soksi au leso iliyoanguka kati ya pipa na ukuta wake? Chomoa plagi, tia mkono, ukaitafute. Tatu, je, nguo zimerundikana upande mmoja? Zipange upya, uzikandamize chini sawasawa pande zote.

6. Mashine inatikisika na kutembea.

Sakafu haiko sawa, au nguo za kukamuliwa zimekaa upande mmoja, au zimezidi. Jaza maji nusu bilauri, uiweke juu ya mashine iliyozimwa. Maji yataonyesha upande ulioinama. Weka kibao chembamba chini ya mguu wa upande huo. Usiiache itembee. Itavuta waya wake na kuukata.

7. Nguo hazitakati.

Watu wengi husema mashine imechoka. Mara nyingi kosa si lake. Huenda nguo ni nyingi mno, hazina nafasi ya kuzunguka. Au kosa liko kwenye maji.

Unguja sehemu kubwa ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe hayo na kuchukua chokaa. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu. Sabuni ya mche haitoi povu upesi katika maji hayo, bali hufanya utando wa kijivu unaoshika katika nguo na katika pipa. Kuongeza sabuni hiyo ni kuongeza utando. Sabuni ya unga hufanya kazi vizuri zaidi katika maji magumu. Na maji bora kuliko yote kwa kufulia ni ya mvua, kwa sababu hayana chokaa. Wakati wa masika, kinga maji ya bati katika mapipa, uyatumie kwa nguo nyeupe na kanzu.

UMEME UKIKATIKA

Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari mpaka Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980, na mwingine mkubwa zaidi ukaongezwa mwaka 2013. Wengi wetu tunakumbuka kiza cha mwaka 2008, kilichochukua karibu mwezi mmoja, na kile cha tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Wakati ule hata pampu za maji zilisimama, na visima vya kamba vikawa na foleni.

Hata leo umeme unaweza kukatika na kurudi ghafla. Unaporudi, mara nyingine huja kwa nguvu isiyo ya kawaida, na vyombo huharibika. Basi umeme ukikatika nawe unafua, chomoa plagi. Ukirudi, ngoja dakika chache, uone taa zimetulia, ndipo uchomeke tena. Na usilitupe beseni lako. Beseni halijui kiza.

MAHALA PA KUISHIA

Kujifunza si kujifanya fundi. Yako mambo matatu ambayo hatuyagusi: mota, nyaya za ndani, na kopo dogo lililo karibu na mota liitwalo kapasita. Kapasita huweka umeme ndani yake, na inaweza kukupiga hata baada ya plagi kuchomolewa. Ukisikia harufu ya kuungua, ukiona moshi, au ukihisi mtetemo mkononi, ishia hapo.

Fundi akija, mweleze dalili kwa utaratibu: "Inanguruma, haizunguki, kisahani nimekwisha kukitazama." Fundi atajua kuwa anazungumza na mtu anayekijua chombo chake. Mwulize bei kabla hajaanza. Akibadilisha kiungo, mwombe akupe kile kibovu ukione. Fundi mwaminifu hatachukia.

KUITUNZA

Kabla ya kufua, pekua mifuko. Toa sarafu, misumari na ndoano. Toa pini za mtandio na za buibui. Nguo za wavuvi zikung'ute mchanga, uzisuuze kwanza katika ndoo.

Weka mashine mahala pakavu, mbali na mvua na upepo wa chumvi. Tazama chini yake. Mashine nyingine ziko wazi chini, panya huingia na kutafuna nyaya. Mwombe fundi azibe pahala hapo kwa wavu wa chuma.

Usimwache mtoto achezee karibu na mashine. Pipa la kukamulia linaweza kuvunja mkono. Lisubiri lisimame kabisa kabla hujatia mkono ndani. Ukimaliza, chomoa plagi na ufute maji yaliyobaki ndani.

Bi Mkubwa sasa ametundika kopo la maziwa kando ya mashine yake. Kila anayeleta nguo hutia humo pini na sarafu zake kwanza. Juu ya kopo amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa. Mwaka jana hakujua kuandika hata jina lake. Karatasi hiyo inasema:

CHOMOA PLAGI. TOA PINI. FUNGA KIFUNIKO.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini mashine ya Bi Mkubwa ilinguruma bila kuzunguka?
2. Mashine inauzwa mjini kwa bei rahisi. Kibao chake kinasema 100 V. Je, utainunua? Kwa nini?
3. Mguu mrefu wa plagi una kazi gani?
4. Maji machafu hayatoki katika mashine ya jirani yako. Utamwambia atazame nini kwanza, na nini baadaye?
5. Ni mambo gani matatu tunayomwachia fundi?
6. Nyumbani kwako, swichi kubwa ya umeme iko wapi? Je, watoto wako wanaijua?
7. Andika karatasi yako mwenyewe yenye maneno yasiyozidi kumi, ya kubandika kando ya chombo chochote cha umeme kilichomo nyumbani mwako.